Shajara ya mradi: nani anatoka Jumapili Nakuru na nani anabaki kwa ploti

Januari, karibu mwisho

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, kimetoka, barua ya kaunti iko, chifu ashagonga muhuri, sasa kilichobaki ni kazi tu. Kwa wale hawajui nafanya nini, mradi wangu wa masters unaangalia ni nini kinazuia watu wa Nakuru kushiriki mambo ya burudani na mapumziko, yaani michezo, kutembea, kuogelea, kwaya, drafti, kukaa bustanini, hata kupiga stori na marafiki bila kazi mkononi. Nikieleza watu wanacheka. Jirani yangu wa ploti aliniuliza kama serikali siku hizi inalipa watu kusomea starehe, nikamwambia hakuna mtu ananilipa, akacheka hata zaidi.

Na si mzaha, jamani. Azimio la haki za binadamu la 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wakati wake mwenyewe. Katiba yetu ya 2010 nayo, ukifungua Jedwali la Nne, utapata bustani, viwanja vya michezo, maktaba na makumbusho vimeachiwa kaunti, tena kwa kifungu kimoja na beti na kasino. Nikisoma hiyo sehemu huwa nawaza mtaa wangu. Upande wa beti tulishaletewa kitambo, kila kona iko na duka. Upande wa bustani ndio tunangoja.

Mitaa niliyochagua: Kaptembwo, Rhonda, Bondeni, Free Area, Section 58, halafu Milimani kidogo, mtaa wa wenye nazo, ya kulinganisha. Supavaiza wangu wa chuo alitaka niongeze Naivasha juu ya wafanyakazi wa maua, nikamwambia daktari, bajeti yangu ni ya matatu na nduthi (bodaboda), si ya kulala hoteli. Akakubali.

Februari

Wiki hizi ni za kusoma na kutengeneza fomu ya maswali. Ramani ninayotumia, yaani nadharia ya kuniongoza, ni ile ya watafiti Duane Crawford na Geoffrey Godbey ya 1987, ambao waligawanya vizuizi kwa makundi matatu. Kuna vya ndani ya mtu mwenyewe, kama aibu, hofu, kujiona mzee au mnene au hujui, au kuamini tu kwamba kitu fulani si cha watu kama wewe. Kuna vya kati ya watu, yaani huna wa kwenda naye, mume hataki, mama mkwe yuko nyumbani, marafiki wote wameolewa. Halafu vya nje: pesa, muda, nauli, mahali hakuna, giza, usalama. 1991 wakaungana na Edgar Jackson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakasema hivi vitu viko na mpangilio. Ni kama nyumba iko na milango mitatu inafuatana, ya ndani ya mtu ndio ya kwanza, na ukikwama hapo hata huwezi jua ule wa tatu uko na kufuli au la.

Hiyo sentensi ya mwisho niliiandika kwa daftari nikaipita haraka. Huko mbele itarudi kunisumbua sana.

Supavaiza alisoma sura ya pili akaniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Usilete ramani ya Marekani Rhonda kabla hujawauliza watu wa Rhonda kama wanapita hiyo barabara." Sawa daktari.

Fomu ya majaribio tuliipeleka Free Area. Tuko wawili, mimi na msaidizi mmoja, kijana wa hapo hapo anayejulikana na kila mtu, bila yeye tungefungiwa mageti. Majibu ya kwanza yalikuwa yale yale kila nyumba, pesa hakuna, muda hakuna, kwaheri. Ukimuuliza mtu swali la haraka atakupa jibu la haraka, na pesa ni jibu ambalo hakuna mtu atakuuliza kwa nini.

Lakini kulikuwa na vijana wamekaa kwa jiwe pale stejini, hao huwezi kuwaambia hawana muda, wako hapo tangu asubuhi. Mmoja nikamuuliza, wewe si muda uko nao mwingi? Akaniangalia vibaya kidogo akasema, "Madam, muda iko. Lakini hii si kupumzika, hii ni kukaa. Kupumzika ni ya mtu alikuwa anafanya kitu." Nikaandika neno kwa neno. Nafikiri wataalamu wengi wameandika kurasa nyingi kuzunguka hiyo sentensi. Mtu hana kazi, masaa anayo kumi na sita kwa siku, na bado anakwambia hajapumzika mwaka mzima, na hakudanganyi.

Machi

Mwezi wa kuzunguka, miguu imeisha.

Kwanza nilitaka kujua mahali pa kwenda ni wapi hasa, maana huwezi kusema watu hawatoki kama hujui wangetoka waende wapi. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, kaunti ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2019, na ukisikia matangazo utafikiri sisi tunaishi mbugani. Ziwa Nakuru ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na 2011 likaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na Bogoria na Elementaita. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuliona. Sasa nenda Mwariki ama Barut, pale ua wa mbuga unapita karibu na nyumba za watu, uwaulize wangapi wameshaingia. Wengi waliingia mara moja, na basi la shule, wakiwa darasa la sita ama la saba, wakala mandazi, wakaona kifaru kwa mbali, basi. Kwa miaka mingi kiingilio cha Mkenya mtu mzima kilikuwa 860, na kwa mama wa kufua nguo hiyo ni zaidi ya kibarua cha siku, lakini kiingilio si hata shida kubwa. Shida ni kwamba humo ndani hutembei kwa miguu, kuna nyati, kuna simba, lazima uwe na gari. Kwa hivyo 860 yako unaweza kuwa nayo mkononi na bado ukabaki getini. Hicho kizuizi hakikuwa kwa fomu yangu, nimekiweka.

Na ziwa lenyewe limepanda miaka hii, limemeza geti kuu la zamani, likaingia mashamba na nyumba za watu huko Mwariki na Barut, wengine walihama. Mzee mmoja alinionyesha maji akasema hapo chini ndipo vijana walikuwa wanachezea mpira. Flamingo nao wengi walihamia Bogoria. Nikamuuliza yeye sasa anafanya nini Jumapili mchana akasema anaangalia hayo maji.

Menengai ni tofauti, kule unaenda kwa miguu, na mtu wa Nakuru ukimuuliza anajivunia mlima wake hata kama hajaupanda. Kufika juu hakuna matatu ya kukushusha pale pa kuangalia kreta, ni nduthi ama utembee, na hapo ndipo wanawake wengi walisimama. Si miguu inawashinda, ni ile njia ya msitu, mtu anakwambia "siwezi enda peke yangu, siwezi enda na wasichana wenzangu wawili, na nikienda na mwanaume watu watasema." Ukihesabu unaona hapo kuna usalama, kuna watu wa kwenda nao, kuna mdomo wa mtaa, vyote kwa pumzi moja. Fomu inataka niweke alama kwa kisanduku kimoja. Msaidizi wangu aliniuliza tuweke wapi, nikasema weka kote.

Hyrax Hill, ile makumbusho ya mambo ya kale, nilienda kwa sababu iko karibu, pale barabara ya kwenda Nairobi, na kiingilio si kikubwa. Mary Leakey alichimba pale kuanzia 1937. Kuna kitu kimoja pale nilikipenda sana, bao limechongwa kwenye mwamba, vile vishimo kabisa vya kuchezea. Watu walikaa pale zamani wakacheza na hakuna mtu aliwaomba kiingilio. Siku niliyoenda tulikuwa sisi na watoto wa shule moja tu. Wengi niliowahoji Free Area wanapita hilo geti kila siku wakienda kazini na hawajawahi kuingia. "Hiyo si ya wazungu?" mama mmoja aliniuliza. Iko chini ya Makumbusho ya Taifa, mama, ni yako. "Sawa, ni yangu, lakini nikienda nitafanya nini huko?" Hapo sikuwa na jibu la haraka.

Mjini, bustani ya Nyayo Gardens inajaa kila siku, lakini angalia ni nani amelala pale kwa nyasi saa nane mchana, wanaume. Wanawake wanapita, wanakaa kidogo kwa ukingo kama wanangoja mtu, wanaenda. Uwanja wa Afraha nao ulikuwa mjengo muda mrefu, wazee wananiambia zamani walikuwa wanaenda kuona timu ya mpira ya Ulinzi Stars pale Jumamosi na kurudi kwa miguu.

Bwawa la kuogelea nililiacha mwisho. Mahoteli kadhaa wanakubali mtu wa nje akilipa. Vijana wa Kaptembwo waliniambia walichanga, wakafika, wakarudishwa kwa sababu ya nguo, mlinzi alisema boksa haziruhusiwi, lazima zile za kuogelea. Kuzinunua ni pesa tena, sawa, lakini aliyeniambia hii stori alisema kilichomuuma si pesa, ni kurudishwa mbele ya watoto wa wenyewe waliokuwa ndani ya maji. Hajarudi. Sasa ukimuuliza anasema kuogelea hapendi.

Hilo "hapendi" nimelipigia mstari.

Machi, bado

Nimekutana na jamaa wa Section 58 anayetumia kiti cha magurudumu. Fomu yangu inachukua nusu saa, yeye alichukua mchana mzima. Vizuizi alivyonitajia sijawahi kuvisikia kwa mtu mwingine yeyote. Matatu hazisimami, na ikisimama makanga anamlipisha viti viwili, anasema kile kiti kinakula nafasi ya abiria. Barabara ya kutoka kwake haina lami. Ukumbi wa kwaya uko na ngazi, kwa hivyo yeye anaimba akiwa chini na wenzake wako juu, sauti ya tatu inatoka kwingine. Choo cha uwanjani mlango haumtoshi, kwa hivyo siku ya mechi hanywi maji tangu asubuhi. Kibanda cha vidio wanamweka mlangoni, mvua ikinyesha inamnyeshea. Anajua kifungu cha 54 cha katiba, kile cha haki za watu wenye ulemavu, kwa kichwa, na mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia 2008, kifungu cha 30, unaosema mtu mwenye ulemavu ana haki ya burudani na michezo kama wengine, ananitajia huku anacheka.

Nikamaliza kuandika nikajisemea huyu basi hatoki kabisa. Nikageuza ukurasa kwa sehemu ya ushiriki. Kwaya Alhamisi na Jumapili, drafti karibu kila jioni, ligi ya Uingereza wikendi, harusi zote, na mwaka uliopita marafiki walimbeba hadi Menengai, nduthi moja yeye, nduthi nyingine kiti.

Nikamwambia mzee, umenitajia vikwazo kuliko mtu yeyote na unatoka kuliko mtu yeyote. Akasema, "Si ndio nimevijua huko huko? Mtu wa kukaa nyumbani atajuaje mlango wa choo ni mwembamba?"

Aprili

Mvua. Kaptembwo hakupitiki, viatu vimebaki kwa matope mara mbili tatu, fomu ni chache. Uwanja wa shule tuliopanga kukutania na timu ya wasichana ni dimbwi. Nayo pia ni data, nimeandika.

Timu yenyewe tulikutana chini ya kibanda cha mama mboga. Wanacheza vizuri, msimu uliopita walifika mbali, na nusu wameacha, wengi wakiwa kidato cha tatu, cha nne. Kocha anasema ni masomo. Wao wenyewe, kocha alipoenda kujibu simu, wakasema ni uwanja hauna choo wala pa kubadilisha nguo, na ile saa ya mazoezi, kumi na moja jioni, ndio saa ya kuchota maji, kupika, kuogesha wadogo. Kaka zao saa hiyo hiyo wako kwa uwanja wanangoja wamalize waingie. Uchunguzi wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, wa 2021 wa matumizi ya muda, wa kwanza wa aina yake Kenya, ulionyesha wanawake wanatumia karibu mara 5 ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na kutunza watu bila malipo. Niliwasomea. Hakuna hata mmoja alishangaa, mmoja tu akauliza kwani iliwabidi watumie pesa kujua hiyo.

Mei

Data imeingia kwa kompyuta na nimekaa nayo usiku kucha, iko kinyume.

Nilitegemea kitu rahisi, mtu akiwa na vizuizi vingi anatoka kidogo, akiwa na vichache anatoka sana, mstari unashuka, unapiga picha unaweka kwa sura ya nne. Haishuki. Walioweka alama nyingi za vizuizi ndio wengi wao wanatoka, wale wa kwaya, wa timu, wa jamaa wa drafti. Na kuna kundi kubwa, wengi wakiwa wanawake wa zaidi ya miaka thelathini na tano hivi, Bondeni na Rhonda hasa, na wanaume kadhaa wa shifti za usiku, ambao kwa vizuizi vyote waliweka hapana, hapana, hapana, na kwa ushiriki pia hakuna kitu. Yaani hawazuiwi na chochote na hawaendi popote.

Msaidizi wangu alisema hao walikuwa wanataka tu tumalize tuende. Inawezekana kwa wengine, njaa ya jioni ni njaa ya jioni. Lakini si wote, wengine nilikaa nao mimi mwenyewe, chai nikapewa.

Nikarudi kwa vitabu nikapata si mimi wa kwanza. 1991, mwaka ule ule wa ile ramani ya milango, Susan Shaw na wenzake wawili walichukua data ya taifa ya Kanada wakauliza je, vizuizi vingi ndio burudani kidogo, na vizuizi vingi kati ya walivyovipima havikuenda hivyo, vingine vilienda kinyume kabisa. Tess Kay na Edgar Jackson mwaka huo huo, kwa utafiti wa Uingereza, wakapata watu wanaolalamika kuhusu pesa ni watu wanaoendelea kushiriki, wanapunguza hapa, wanatafuta ya bei nafuu pale, lakini wanaenda. Halafu 1993 Jackson, Crawford na Godbey wakaandika kwamba kushiriki hakumaanishi huna vizuizi, kunamaanisha umejadiliana navyo ukapata njia.

Sasa yule jamaa wa Section 58 alinipa hiyo yote bure, Machi, na mfano wa mlango wa choo.

Na wale wa hapana hapana? Hao wako mlango wa kwanza. Bei ya bwawa hawaijui kwa sababu hawajawahi kuitafuta. Ukiwauliza kama nauli ni shida, ni shida ya kwenda wapi? Kwa hivyo mtu akichukua hizi fomu akahesabu ni kizuizi gani kimetajwa sana, akapeleka kaunti, kaunti ikashughulikia hicho, itakuwa imesaidia wale tayari wanatoka. Wengine watabaki pale pale na hakuna karatasi itaonyesha wapo.

Juni

Nimerudi kwa wale wa hapana, bila fomu. Nimeongeza maswali mawili tu ya kuanzia: mara ya mwisho ulifanya kitu cha kujifurahisha ni lini, na ulipokuwa msichana, ama kijana, ulikuwa unapenda nini.

Bondeni, mama anauza samaki wa kukaanga jioni.

"Mama, ile siku uliniambia hakuna kitu inakuzuia kutoka."

"Hakuna. Nikitaka naenda. Nani atanifunga?"

"Na mara ya mwisho ulitoka kujifurahisha tu?"

"Kujifurahisha aje? Kwani mimi ni mtoto?"

Tukacheka. Nikamuuliza kuhusu usichana. Akageuza samaki, akasema alikuwa anacheza netiboli, nafasi ya wingi, na alikuwa anaruka hivi, akanionyesha na kijiko mkononi, mafuta yakaniruka. Aliacha alipoolewa. Mume alimkataza? Hapana, hakuna mtu alimkataza. Sketi ya netiboli ni fupi, mama mkwe alikuwa anaishi nao, yeye mwenyewe akaona haifai. Halafu mtoto wa kwanza, wa pili, halafu mwili, halafu mtu anasahau. "Siku hizi nikiona wasichana wanacheza naangalia hata siwazi." Kwa ramani ya Crawford hiyo ni ya ndani ya mtu, kutopenda, kisanduku cha kwanza. Lakini ukifuata stori nyuma ilianza kwa watu wengine, mama mkwe hakusema neno lakini alikuwa amekaa sebuleni. Iliingia ndani baadaye. Nafikiri mpangilio wa milango kwa watu wetu unaweza kwenda kinyume, kizuizi cha nje ama cha watu kikikaa miaka ya kutosha mtu anakimeza na kukiita tabia yake. Yule kijana wa bwawa alimeza kwa mchana mmoja.

Soja mmoja wa Rhonda, yaani mlinzi, shifti ya usiku, siku saba kwa wiki, aliniambia hobi yake ni kulala. Nikamuuliza kama kijana, akasema gitaa. Gitaa liko nyumbani Kakamega kwa kaka yake, ama liliuzwa, hajauliza.

Upande wa pili, wale wanaotoka, nimekusanya mbinu zao na hii ndiyo sehemu ninaipenda zaidi ya mradi wote. Kina mama wa Kaptembwo wanatembea mazoezi saa kumi na moja alfajiri, kundi zima, na leso juu ya tracki, na mtu akiwakuta wanasema wanaenda kesha ama wametoka kesha. Kuna chama Free Area wamehamisha mkutano wa mwezi kutoka sebule ya mtu hadi bustanini, wanabeba chakula, watoto wanacheza, michango ikiisha kuhesabiwa wanabaki hadi jioni. Mmoja wao aliniambia wazi: "Nikisema naenda kutembea ni maswali hadi kesho. Nikisema naenda chama, ananipa na nauli." Mume wake nilimhoji pia, kwa bahati tu, na anajua vizuri sana wanafanya nini huko bustanini. Wote wawili wanajua, lakini lile jina la chama linampa kila mtu heshima yake. Wasichana wa timu wanachanga hamsini hamsini kuwalipa wadogo wa jirani wawachotee maji siku za mazoezi. Kwaya ndiyo kubwa kuliko zote, kanisa ndilo mahali pekee mama anaweza kukaa masaa manne na marafiki, kuimba, kucheka, kushona sare, kusafiri hadi Eldoret kwa mashindano na kulala huko, na hakuna mtu atasema ameacha nyumba. Mimi si mtu wa kanisa sana lakini sioni ukumbi wowote wa kaunti unaoikaribia.

Julai

Supavaiza amesoma rasimu ya sura ya nne, tumebishana karibu asubuhi yote, kwa amani. Yeye ananikumbusha Diane Samdahl na Nancy Jekubovich, 1997, waliosema hii lugha ya vizuizi yenyewe inatufanya tuone vizuizi kila mahali, kumbe watu wanapanga maisha yao kwa sababu ya wale wanaowapenda, si kwa sababu wamezuiwa. Yule mama wa samaki, anasema, pengine hajapoteza netiboli, alichagua nyumba yake, na wewe nani umwambie alikwama mlangoni? Hoja ni nzito na nimeiweka. Lakini nilimwambia daktari, mimi nilimuona akiruka na kijiko. Mtu aliyechagua kuacha kitu kwa roho safi haruki hivyo mbele ya mafuta ya moto. Akasema hiyo si hoja ya kitaaluma, nikasema najua, akasema iache kwa maandishi basi, kama nukuu ya uwanjani.

Tulikubaliana mambo kadhaa. Sitapanga vizuizi kwa orodha ya kilichotajwa zaidi, hiyo jedwali nimeiondoa, hata kama ndiyo kila mtu ataulizia. Badala yake kuna makundi: wanaotoka na wanavitaja, wasiotoka na wanavitaja, wasiotoka na hawavitaji, na kale kakundi kadogo ka Milimani ambako hakana vizuizi na kanatoka, ambako kwa kweli si wengi kama nilivyodhani, wako na magari na wamechoka. Swali la netiboli, yaani la ulikuwa unapenda nini zamani, linaingia kwa fomu rasmi kwa awamu ya pili.

Kwenye kikao cha wadi cha kukusanya maoni ya bajeti nilipewa dakika chache. Mzee mmoja wa kamati aliuliza kwa kifupi, "Sasa mwanangu, unataka tujenge nini?" Nilikuwa nimejiandaa kusema kiwanja. Nikasema choo na taa kwa kile kiwanja kilichopo, na ukumbi wenye mteremko badala ya ngazi, na saa za mazoezi zipangwe na wasichana wenyewe. Akaandika choo. Taa alisema ni ya idara nyingine.

Kilichobaki ni wale wa usiku. Data yangu ya masoja na wafanyakazi wa viwanda ni nyembamba, na hao wanapatikana saa moja asubuhi wakitoka kazini, kabla hawajala na kulala. Ijumaa naanza stejini Rhonda, nimeongea na mama wa chai pale anipe benchi moja, nitamlipia watu wake chai na mandazi kama shukrani. Msaidizi wangu ashasema hiyo saa haamki, kwa hivyo natafuta mwingine, ikiwezekana mwanaume wa umri wao, maana hao wazee wa usiku wakiulizwa na msichana mambo ya gitaa wanaona haya.